Madoa Meupe Kwenye Gari la Bi Harusi

Raudha alikuwa barazani anachambua mchele, na moyoni alikuwa anachemka. Mbele yake, katikati ya uwanja, jua la saa saba mchana likiwaka, mume wake Mwishehe alikuwa anaosha gari. Alikuwa analiosha kwa mara ya tatu wiki ile, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi tu.

Gari lilikuwa Toyota ndogo ya bluu iliyokoza, bluu ya karibu na weusi. Lilikuja kwa meli kutoka Dubai, likiwa limeshatumiwa na watu wengine. Miaka ile kila mtu mwenye biashara alikuwa anaota gari. Mwishehe alikuwa anauza mitumba sokoni: mashuka, mapazia na mataulo. Alipolipata lile gari alilizunguka siku nzima kama kuku aliyetoka kutaga. Pale mtaani kwao Boko magari yalikuwa mawili tu, hilo lake na lori bovu la jirani lisilotembea.

"Baba Suleiman," Raudha aliita, "hayo maji yanakauka kabla hujamaliza."

"Yakauke. Si ndivyo inavyotakiwa? Kwani nguo wewe unaanika wapi?"

"Gari si nguo."

"Mama Suleiman, chambua mchele. Niachie gari langu."

Raudha alijua kitakachotokea, maana alishakiona mara mbili. Mwishehe alimwaga ndoo ya mwisho ya maji ya kisima, akarudi nyuma hatua tatu, akashika kiuno na kusubiri. Jua likafanya kazi yake. Maji yalipotea, na mahali pake yakatokea madoa meupe ya duara, moja hapa, kumi pale, mpaka boneti lote likajaa. Gari lilionekana chafu kuliko kabla ya kuoshwa.

"Yamerudi," Mwishehe alisema, kana kwamba kuna mtu alikuwa ameyatuma.

Siku nyingine Raudha angecheka. Siku hiyo hakuweza.

Jumapili ile mdogo wake, Zubeda, alikuwa anaolewa. Mama yao alifariki Zubeda akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo Raudha ndiye aliyekuwa mama. Alimbeba mgongoni, akamlisha, akampeleka shule, akakaa naye mpaka akawa mtu mzima. Sasa bwana harusi, kijana anayeitwa Anwar, alikuwa anampeleka kwao Temeke. Ndugu za Anwar walitaka kuleta gari lao kumchukua bi harusi.

Raudha alijua maana yake. Gari likiwa la upande wa mume, viti vyote vinajaa watu wa upande wa mume. Shangazi huyu kulia, wifi yule kushoto, bi harusi katikati. Dada mtu anafuata nyuma kwenye pikapu pamoja na masufuria. Raudha hakutaka pikapu. Alitaka kukaa pembeni ya Zubeda na kumshika mkono mpaka mlangoni kwa mumewe. Katika shughuli yote ile, hilo ndilo alilolitaka.

Ndiyo maana alisema kwa watu wote, "Bi harusi atatoka hapa na gari la hapa." Watu wakakubali. Kisha Jumatano akaja shangazi yake Anwar, Bi Hamisa, kuliona hilo gari. Alilizunguka polepole, ameshika ncha ya mtandio.

"Mwanangu," alimwambia Raudha, "hili gari lina mba?"

"Hapana, shangazi. Ni maji tu."

"Maji gani yanaacha mba? Sikiliza. Jumamosi alasiri nakuja kuleta sanduku la bi harusi. Nikilikuta limetakata, sawa, litembee. Nikilikuta hivi, sie tutaleta letu. Watu wa Temeke wana midomo, mwanangu. Sitaki waseme tumeoa kwa watu wachafu."

Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Alhamisi ile Mwishehe hakukubali kushindwa. Aliamua kwamba kosa ni la sabuni. Aliongeza sabuni ya unga ndani ya ndoo, vikombe viwili, lakini maji ya kisima chao yalikuwa ya chumvi na povu halikutoka. Akaongeza cha tatu. Akaosha tena, juani vilevile. Kisha akachukua fulana yake kuukuu na kuanza kusugua madoa kwa nguvu zote, mpaka jasho likamdondoka juu ya boneti.

"Una robota zima la mataulo sokoni," Raudha alisema, "halafu gari unalifuta kwa fulana yenye vifungo!"

"Mataulo ni ya biashara."

"Na fulana ni ya nini?"

Mwishehe alisugua mpaka magharibi. Madoa yalibaki, na juu yake ikaongezeka mikwaruzo myembamba.

Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, alirudi na uso wa furaha. Raudha alipouona uso ule aliogopa.

"Nimepata dawa," Mwishehe alisema. Akaingia jikoni, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi.

"Hayo ni mafuta yangu ya nywele!"

"Ngozi ikiwa na ukavu unaipaka nini? Si mafuta?"

Akalipaka gari mafuta ya nazi. Alilipaka lote, kuanzia paa mpaka milango, hata vioo. Na kweli, kwa nusu saa gari liling'aa. Madoa yalipotea machoni. Zubeda, aliyekuwa ndani amekaa na hina miguuni, aliitwa dirishani aone. Mwishehe alimwangalia mke wake kwa jicho la ushindi.

Halafu yakapita malori matatu ya kokoto. Barabara ya pale haikuwa na lami, na vumbi lake ni jeupe, maana ardhi ya kule ni ya mawe ya chokaa. Vumbi lilinyanyuka, likatulia taratibu juu ya gari. Likanasa kwenye mafuta. Gari likawa kama andazi lililoviringishwa kwenye unga.

Raudha aliweka chini kikapu alichokuwa nacho. Hasira ilimpanda.

"Mwishehe! Kesho yule mama anakuja! Kesho! Mie nitakaa kwenye pikapu na masufuria siku ya harusi ya mtoto niliyemlea, kwa sababu ya ubishi wako!"

Alipomwita mume wake kwa jina lake tu, hata Zubeda ndani alisikia kwamba mambo yameharibika. Mwishehe alisimama na chupa yake mkononi.

"Hodi jamani," ilisikika sauti kwenye uzio. "Kuna msiba au kuna harusi?"

Alikuwa Demetria, jirani yao, anarudi kazini. Demetria alitokea upande wa Masasi, na alikuwa na miaka kumi na mbili katika maabara ya hospitali moja mjini. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa na vioo vya kupimia.

"Karibu, dada Demetria," Raudha alisema huku akijifuta macho. "Njoo uone maajabu."

Demetria aliingia. Alipitisha kidole kwenye boneti, akakinusa.

"Shemeji, umelikaanga?"

Mwishehe hakucheka. Raudha ndiye aliyeeleza yote, kuanzia jua la saa saba mpaka mafuta ya nywele. Demetria alisikiliza akitikisa kichwa.

"Kazini kwangu ni kila siku," alisema. "Chupa ukiiosha kwa maji ya chumvi, ukaiacha ikauke yenyewe, inakuwa na madoa hayohayo. Siyo uchafu, shemeji. Ni maji yako yenyewe yanayoacha madoa. Tena ukiliosha juani..."

"Dada Demetria," Mwishehe alimkatiza, "samahani. Wewe unaendesha gari?"

"Siendeshi."

"Unalo gari?"

"Sina hata baiskeli."

"Basi hapo." Akaingia ndani.

Raudha alitamani ardhi ipasuke. "Umemsikia? Kila siku ndivyo alivyo. Ukimwonyesha shimo, ataingia kwanza ndipo aseme lipo."

"Usijali," Demetria alisema. "Nipe vijiko viwili."

Alikwenda kwake, akarudi na kikombe cha maji ya mvua. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na Demetria alikuwa anakinga maji kwenye bati na kuyatunza kwenye pipa lenye kifuniko. Alikifuta kipande kimoja cha kioo cha dirisha la gari kwa sabuni, akakisuuza na kukikausha vizuri. Kisha kwa kijiko kimoja akadondosha matone ya maji ya kisima upande wa kushoto, na kwa kingine matone ya maji ya mvua upande wa kulia. Jua lilikuwa bado kali. Wakakaa barazani wakasubiri.

Mwishehe alitoka kuomba chai. Kwa kweli alitoka kuona wanafanya nini.

"Hebu njoo, shemeji," Demetria alimwita. "Angalia mwenyewe, mie sisemi neno."

Mwishehe aliinama. Upande wa kushoto palikuwa na viduara vyeupe. Upande wa kulia palikuwa safi, hapana kitu. Aligusa kiduara kimoja kwa ncha ya kidole, akaonja.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi na chokaa. Imo ndani ya maji ya kisima, ila huioni. Jua linachukua maji, chumvi linaiacha palepale tone lilipokuwa. Sasa wewe unamwaga ndoo nne juani, halafu unasubiri likauke. Umelipaka chumvi gari zima kwa mkono wako."

Mwishehe alikuna kichwa. Alitazama kioo, akatazama kisima, akatazama tena kioo.

"Kwa hiyo siku zote hizi..." alianza.

"Siku zote hizi," Raudha alisema, "nilikuwa nakwambia maji yanakauka!"

"Hukusema chumvi."

Demetria aliingilia haraka. "Jamani, tugombane au tuoshe? Kesho alfajiri mie siendi kazini. Shemeji, lete taulo sita za pamba, laini, zilizofuliwa. Dada, tafuta siki. Maji ya mvua nitatoa mie."

"Taulo za biashara?" Mwishehe aliuliza.

Raudha alimtazama tu. Mwishehe akaondoka kwenda sokoni.

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijatoka, walilisukuma gari mpaka upande wa magharibi wa nyumba, mahali ambapo kivuli hukaa mpaka saa nne. Demetria aliweka kiganja juu ya boneti.

"Kwanza liwe la baridi, kama hivi," alisema. "Likiwa la moto, sabuni na maji vinakaukia juu yake kabla hujafuta."

Mwishehe alichukua kitambaa na kuanza kupangusa vumbi.

"Acha!" Demetria alipiga kelele. "Hilo vumbi ni mawe, shemeji. Ukilisugua kavu linakwaruza rangi. Limwagie maji kwanza, literemke lenyewe. Kwa hili hata ya kisima yanafaa, bado tutasuuza."

Walimwaga maji kwa kopo, taratibu, kuanzia juu kwenda chini. Vumbi lingine liliteremka, lingine likabaki limeshikwa na mafuta. Demetria alitayarisha ndoo mbili. Ya kwanza ilikuwa na maji ya mvua ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, ile laini ya kuoshea vyombo. Ya pili ilikuwa na maji matupu ya kusuuzia sponji.

"Ya unga ni kali, na inaacha ungaunga," alisema. "Ona hii, kijiko kimoja tu na povu limejaa. Maji ya mvua hayana ubishi."

"Tofauti na watu wengine," Raudha alisema.

Mwishehe alijifanya hakusikia. Alichovya sponji kwenye sabuni, akaosha paa, akaisuuza sponji kwenye ndoo ya pili, akaichovya tena. Mafuta yakaanza kuachia. Alienda hivyo kipande kwa kipande: paa, vioo, boneti, buti, milango. Kila kipande alikisuuza palepale, sabuni isikauke. Matairi na sehemu za chini aliziacha mwisho, na kwa kitambaa kingine. Sponji ilimponyoka mara moja ikaanguka mchangani. Akaiokota, akanyoosha mkono kuelekea mlango.

"Baba Suleiman!" Raudha na Demetria walipiga kelele pamoja.

"Nini tena?"

"Ina mchanga!"

"Mchanga kidogo tu."

"Suuza!" Raudha alisema. "Suuza hiyo sponji, kwa jina la Mungu, suuza!"

Akaisuuza. Aliisuuza mara tatu, huku ananung'unika.

Madoa ya zamani yalikuwa bado yapo, maana sabuni haiyeyushi chokaa. Demetria alichanganya kikombe kimoja cha siki na vikombe viwili vya maji. Alijaribu kwanza kwenye pembe ndogo ya chini ya mlango, aone kama rangi iko salama. Ilikuwa salama. Akalowesha kitambaa, akakiweka juu ya madoa ya boneti, akahesabu polepole mpaka sitini. Alipokitoa na kufuta kwa wepesi, madoa mengi yalikuwa yameondoka. Machache sugu aliyarudia mara ya pili.

"Siki usiiache ikauke," alisema. "Na ukimaliza, suuza mpaka harufu iondoke. Hii si ya kila siku, ni ya madoa yaliyokwisha kukaa."

Mwisho walisuuza gari lote kwa maji ya mvua. Mwishehe akarudi nyuma hatua tatu, akashika kiuno, kama kawaida yake.

"Unafanya nini?" Raudha aliuliza.

"Nasubiri..." Akajishtukia mwenyewe.

"Taulo!" wanawake wakasema.

"Hata maji ya mvua usiyaache," Demetria alisema huku akimpa la kwanza. "Yakikaa yanakusanya vumbi, na vumbi linaacha doa. Usisugue. Litandaze taulo, livute kuja kwako, linywe maji. Likilowa, chukua lingine."

Mwishehe alitandaza taulo juu ya paa, akalivuta. Rangi ya bluu ilibaki nyuma yake, kavu na safi. Akalitandaza tena, akalivuta. Raudha alimsaidia upande wa pili. Walifungua milango, buti na boneti, wakafuta maji yaliyojificha kwenye pembe, kwenye vitasa na chini ya vioo vya pembeni, kwa sababu matone ya huko huteremka baadaye na kuacha mistari. Jua lilipofika pale, hapakuwa na tone la kukausha.

Mikwaruzo ya fulana ilibaki, ukiinama sana. Mwishehe aliinama sana, akaigusa kwa kidole.

"Hii ni yangu," alisema taratibu. Raudha akalipokea taulo lililolowa mkononi mwake.

Alasiri Bi Hamisa alifika na sanduku la bi harusi, na wanawake wanne wakiimba nyuma yake. Kabla ya kukaribishwa ndani, alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Alilizunguka. Alipofika kwenye boneti aliuona uso wake mwenyewe, akanyoosha mtandio.

"Mmelipeleka wapi?" aliuliza.

"Hapahapa nyumbani, shangazi," Raudha alisema.

"Haya. Litembee."

Raudha alikwenda kwa Demetria, akamshika mikono yote miwili. Alitaka kusema asante, akaishia kulia.

Jumapili asubuhi vumbi jipya lilikuwa limetua juu ya gari, jepesi. Raudha alipotoka kumpa Mwishehe habari hiyo, alimkuta ameshaamka. Alikuwa kivulini na kopo la maji ya mvua na taulo begani, anamwagia na kukausha, kipande kwa kipande, bila kuambiwa na mtu.

Saa kumi nyumba ilikuwa imejaa. Ndoa ilikuwa imeshafungwa, vigelegele vilikuwa havikatiki. Zubeda alitolewa nje amefunikwa, Raudha akiwa amemshika mkono wa kulia. Mwishehe alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, kanzu yake nyeupe, kofia imenyooka. Zubeda akaingia, akakaa katikati. Wifi mmoja akaingia upande wa kushoto. Upande wa kulia ukabaki wazi.

Bi Hamisa akasogea. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu mzima, shangazi wa bwana harusi, na katika harusi zote alizokwenda alikaa pale. Aliinua gauni lake na kuweka mguu mmoja ndani.

Raudha aliachia mkono wa Zubeda. Mbele ya watu wote wale, ungemwambia nini mtu mzima? Aligeuka kutazama pikapu imesimama wapi.

"Shangazi," Mwishehe alisema.

Bi Hamisa akasimama.

"Shikamoo tena, shangazi. Wewe ni mama yetu, kiti chako ni cha mbele. Huko nyuma pana mtu." Alikuwa mtu wa kubishana nyumbani, mbele ya wakubwa alikuwa na haya sana. "Nimeosha hili gari wiki nzima. Nimeliharibu, nimelitengeneza. Sikuliosha kwa ajili ya watu wa Temeke. Nililiosha ili mke wangu akae hapo. Huyo mtoto amemlea yeye."

Vigelegele vilikatika. Watu walitazamana. Bi Hamisa alimtazama Mwishehe, kisha akamtazama Raudha. Akautoa mguu wake ndani ya gari.

"Sasa mbona hukusema tangu Jumatano?" aliuliza. "Nifungulie huo mlango wa mbele, nikae."

Raudha aliingia. Chini ya kitambaa, mkono wa Zubeda ulimtafuta, ukampata, ukambana. Mwishehe alifunga mlango taratibu, akaweka begani kwa mazoea taulo alilokuwa nalo mkononi, akakumbuka yuko harusini, akalitoa. Kisha akazunguka, akakaa kwenye usukani, akawapeleka.